Daftari la Ukoo: Baba Yupi Aandikwe?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeifundisha mara nyingi, na kwa kawaida tumeifafanua kwa mifano ya duka, ya shamba au ya chama cha ushirika. Katika makala haya nataka kuiuliza swali ambalo sikupata kuiuliza kabla sijaja kufundisha Juba. Je, ukoo nao ni mali ya kutiwa daftarini? Na ukitiwa, kalamu ashike nani?

Chanzo cha swali hili ni kosa langu mwenyewe. Nina darasa la jioni la watu wazima. Baadhi yao walikulia katika kambi ya Kakuma, huko Turkana, kaskazini ya Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992. Kiswahili walikiokota bombani wakichota maji na uwanjani wakicheza mpira, ila kukiandika hawakupata kufundishwa. Niliwapa zoezi ambalo hapana mwalimu wa Kiswahili asiyepata kulitoa: andika habari za ukoo wako kwa aya tatu. Mwanafunzi mmoja, Mdinka, aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba baba yake alifariki vitani mwaka 1987, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1995. Nilishika kalamu nyekundu, nikaizungushia duara ile miaka miwili, nikaandika pembeni: "Hesabu haiwiani. Rekebisha."

Kipindi kilipokwisha alibaki. "Mwalimu," akaniambia, "hesabu ni sahihi. Labda mimi sikueleza vizuri habari za baba."

Akanieleza. Mtu yule alikufa angali kijana, hajaoa. Kwa mila ya Wadinka, kama ilivyo kwa Wanuer, mwanamume hastahili kupotewa na jina lake ati kwa sababu mauti yalimwahi. Nduguye mdogo alikusanya ng'ombe, akaposa na kuoa kwa jina la marehemu, na watoto waliozaliwa katika nyumba hiyo ni watoto wa marehemu. Yule aliyemzaa kwa mwili, mwanafunzi wangu humwita baba mdogo, naye baba mdogo mwenyewe hataki kuitwa vinginevyo. Kisha akaniuliza Kiswahili kina neno gani kwa baba wa namna hii. Nikamtajia baba mzazi, baba mlezi, baba wa kambo, baba mkubwa. Kila neno alilipima kwa adabu na kulikataa. "Basi ni baba tu," akasema.

Wino mwekundu haufutiki. Niliyakata maneno yangu kwa mstari, nikatia sahihi chini yake.

Ningeweza kuliacha jambo hili liwe kisa cha kusimuliana walimu tukinywa chai. Lakini kijana yule alikuwa akijiandaa kuomba cheti cha uraia, na fomu zote alizopata kujaza maishani mwake zina nafasi moja tu ya jina la baba. Kambini, alipokuwa mtoto, karani aliuliza ni nani aliyemzaa, na jina lililoandikwa kwenye kadi ni la baba mdogo. Kwa ukoo wake, jina hilo si kweli. Akabaki na mambo mawili ya kuchagua: apatane na karatasi, au apatane na watu wake. "Nikiandika jina la aliyenizaa," akaniambia, "wale ng'ombe walitolewa bure."

Neno hilo limenikaa moyoni, nami naona lina falsafa zaidi ya vitabu vingine nilivyosomeshwa chuoni.

Yafaa msomaji aliye Mombasa au Morogoro aelewe kwa nini nasaba ni jambo zito hapa. Nchi hii ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mwaka huo huo ikatunga Sheria ya Uraia. Sheria hiyo yasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mzazi wake, au babu au bibi yake, au hata mzazi wa babu au wa bibi, kwa upande wa kuumeni au wa kukeni, alizaliwa katika ardhi ya Sudani Kusini. Au ikiwa yeye ni wa mojawapo ya makabila ya asili ya nchi. Maana yake ni kwamba kitukuu aweza kudai uraia kwa kumtaja mtu aliyezaliwa miaka 100 iliyopita au zaidi, wakati ambapo hapana aliyekuwa akiandika vizazi vijijini. Watu wengi hapa hawana cheti cha kuzaliwa. Utakuta darasa zima limezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa makarani walipewa mwaka tu, nao wakajaza siku na mwezi. Hivyo jamaa mwenye umri mkubwa huja kushuhudia kwa ulimi wake kwamba huyu ni wetu. Ulimi ndio daftari.

Lakini je, hapana nyaraka? Zipo. Baada ya mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 Kusini ilipata serikali yake ya jimbo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanahistoria Douglas Johnson, akiwa mtumishi wa wizara ya utamaduni ya jimbo hilo, alisimamia kazi ya kukusanya Juba majalada ya utawala yaliyokuwa yametawanyika wilayani. Vita vikaanza upya mwaka 1983. Amani ilipotiwa sahihi mwaka 2005, mengi ya majalada hayo yaliyosalimika yalikuja kuwekwa ndani ya hema kubwa mjini Juba, yakipigana na mvua, joto na mchwa, mpaka wizara ikishirikiana na Taasisi ya Bonde la Ufa ilipoanza kuyapanga, kuyapiga picha na kuyahamishia ndani ya nyumba. Wale walioifanya kazi hiyo ya kupangusa vumbi karatasi moja moja wanastahili shukrani kuliko wanayopewa.

Hata hivyo majalada hayo hayakuandikwa ili kumtafutia mtu babu yake. Yaliandikwa ili mtawala ajue kodi imelipwa kiasi gani, barabara imefika wapi, chifu gani ana fitina, na ng'ombe gani wanagombaniwa. Babu wa mwanafunzi wangu akionekana humo, ataonekana kama mdaiwa au mshitakiwa. Madaftari ya ubatizo nayo yana majina ya Kikristo na tarehe, lakini ni ya wale tu waliobatizwa. Na sehemu kubwa ya habari za Sudani imehifadhiwa mbali: Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kimekuwa na hifadhi ya nyaraka za Sudani tangu mwaka 1957; barua za wamisionari wa CMS, waliofungua misheni ya Malek karibu na Bor mwanzoni mwa karne ya 20, zimo Birmingham; za Wakomboni zimo Roma. Mjukuu yuko Juba, na habari za babu ziko katika mji ambao babu hakupata hata kuusikia.

Hapa naomba ruhusa nizungumze kidogo kama mwalimu wa lugha, maana wanaotafuta nasaba huangushwa na tahajia kabla hawajaangushwa na historia. Wabari, ambao ndio wenyeji wa Juba, huwapa watoto majina kwa kufuata utaratibu wa kuzaliwa. Kwa hiyo akina Lado, Wani, Pitia, Poni na Keji hawana idadi, na anayetafuta Wani mwana wa Lado bila kujua kijiji na jina la babu ni kama anayetafuta Juma mwana wa Ali pale Kariakoo. Wadinka nao huwaita wana wao kwa rangi za mafahali. Mabior ni fahali mweupe, na ukoo mmoja waweza kuwa na akina Mabior wanne katika vizazi vitano. Kisha yupo mwandishi. Katika hati za Kiarabu jina Garang huandikwa kwa herufi ya qaf mwanzo na mwisho, kwa sababu Kiarabu hakina herufi ya sauti hiyo, na Wasudani huitamka qaf kama g. Karani wa nchi nyingine akilisoma na kulihamishia katika herufi za Kirumi, hutoa jina ambalo mwenyewe hawezi kuitika. Mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf mwaka 1928, si mbali na Juba, ulijaribu kuweka utaratibu wa kuandika lugha za Kusini, lakini makarani wa kodi hawakungoja maazimio ya wataalamu. Mtu mmoja aweza kuwa na majina matatu katika karatasi tatu, na kwa macho ya kompyuta huyo ni watu watatu.

Katika dunia ya leo wako watu walioifanya kazi ya nasaba kuwa ibada. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni, lilianzisha Chama cha Nasaba cha Utah mwaka 1894. Kuanzia mwaka 1938 wakawa wakipiga picha za mikrofilamu za madaftari ya makanisa na serikali ulimwenguni kote, na katika miaka ya 1960 wakachimba ghala la kuhifadhia filamu hizo ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City. Tangu mwaka 1964 wakaanza kufungua vituo vya historia ya familia mitaani, na leo vituo hivyo viko katika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwamo. Mtu wa dini yoyote huingia bila malipo. Zamani aliagiza filamu na kungoja iletwe. Usafirishaji huo ulikoma Septemba 2017, kwa kuwa picha sasa hutazamwa kwa kompyuta, ingawa baadhi yake hazifunguki mpaka mtu awe ndani ya kituo. Na katika nchi kadhaa za Afrika, Ghana mojawapo, shirika lao la FamilySearch hutuma wahoji vijijini kurekodi wazee wakitaja nasaba kwa midomo yao, maana waling'amua kwamba huku madaftari ni watu.

Kazi hii naistahi. Mzee anayejua vizazi 15 akifa bila kuhojiwa, hapana hema wala mlima utakaotuokoa. Lakini mtu hahifadhi bila nia, na ni haki kuiuliza nia. Wenye vituo hivyo huamini kwamba aliyekufa aweza kubatizwa kwa kuwakilishwa na aliye hai, na ndiyo maana hutafuta majina. Wayahudi walipogundua kwamba ndugu zao waliouawa na Wanazi walikuwa wakibatizwa hivyo, walilalamika, na mwaka 1995 kanisa lilikubali kuacha, isipokuwa kwa wale wenye wazao ndani ya kanisa. Silitaji jambo hili ili kuwasuta. Nalitaja kwa sababu linatuonyesha kwamba jina la marehemu lina wenyewe, hata kama mwenye jina hawezi tena kusema.

Kuna ugumu mwingine ulio mzito zaidi, nao ndio uliomkuta mwanafunzi wangu. Mwandishi wa nasaba hudhani kwamba nasaba ni orodha ya mambo yaliyotokea: fulani alimzaa fulani. Mwana-antropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake juu ya Wanuer kilichotoka mwaka 1940, alionyesha kwamba Wanuer walipotaja nasaba ya ukoo walifikia mwanzilishi wake kwa vizazi kama 10 hadi 12, na idadi hiyo haikuongezeka kadiri miaka ilivyopita. Mababu wasiokuwa njia panda ya matawi ya ukoo waliachwa, wakasahauliwa. Wazee hawakuwa wakidanganya. Nasaba kwao ilikuwa ramani ya haki za walio hai: nani atalipa fidia pamoja nami, nani siwezi kumwoa, nani nitachunga naye malisho.

Kule Nigeria, kati ya Wativ, mambo yalikwenda mbali zaidi. Maofisa wa Kiingereza waliandika nasaba za Wativ ili ziwasaidie kuamua kesi. Miaka kama 40 baadaye, kama alivyoeleza Laura Bohannan mwaka 1952, Wativ walikuwa wakisema maandishi yale si sahihi, na maofisa wakishikilia kwamba ni sahihi kwa kuwa yaliandikwa na baba zao hao hao Wativ waliyasema. Maofisa hawakutambua kwamba nasaba ilikuwa imesogea pamoja na watu, na Wativ hawakutambua kwamba walikuwa wameisogeza. Nani alikuwa mkweli? Mimi nasema wote wawili walikuwa wakweli, na kosa lilikuwa la ile karatasi iliyofanywa hakimu.

Msomaji asidhani kwamba sisi wa pwani tumesalimika. Unguja, kati ya sensa ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931, watu waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua mno, huku waliojiita Wahadimu, Watumbatu na Washirazi wakiongezeka. Hapana gonjwa lililowamaliza Waswahili katika miaka saba. Watu walijibu kwa kadiri ya walivyoona jibu litawafaa mbele ya serikali. Na katika nyumba nyingi za pwani kuna jina la bibi au babu ambaye, tangu utumwa ulipokomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, watu wamekubaliana kutomtaja alikotoka. Mwacha asili ni mtumwa, twasema. Lakini yuko aliyeiacha asili makusudi ili mwanawe asiitwe mtumwa. Je, kituo cha nasaba kina haki ya kumfungulia mjukuu mlango ambao babu aliufunga kwa mikono yake? Nimelifikiri swali hili muda mrefu. Naona mjukuu ana haki ya kuuliza, ila jirani wa mjukuu hana.

Na Juba swali hilo si la heshima tu, ni la uhai. Desemba 2013 watu waliuawa katika mitaa ya mji huu kwa sababu ya kabila lao. Nchini Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika vitambulisho miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Daftari la ukoo, ambalo mchana ni urithi wa watoto, usiku mmoja laweza kuwa orodha ya mwindaji. Anayeniambia kwamba nasaba zote ziwekwe mahali pa kusomwa na kila mtu, kwa kuwa elimu ni ya wote, namwomba kwanza alale Juba miezi mitatu.

Basi, tusiandike? La hasha. Wakati wa vita watoto wengi walitawanyika, na wapo watu wazima leo wasiojua jina la tatu baada ya lao. Mtu wa namna hiyo kumwambia kwamba nasaba ni kitu cha mdomo tu ni kumfanyia dhihaka. Ninalotaka ni kwamba kituo cha historia ya familia kikipata kufunguliwa hapa, kiwe cha kanisa, cha serikali au cha chuo, mhoji asitangulize fomu. Amsikilize mzee mpaka amalize, kwa lugha ya mzee. Akitajiwa baba wawili, aandike wawili, na aandike kila mmoja ni baba kwa njia gani. Aulize pia upande wa mama, ambao orodha za wanaume huupita kama mtu apitaye kaburi lisilo na jiwe. Aulize ni lipi lisisomwe na wageni, na kwa muda gani. Na nakala ya kwanza ibaki na ukoo wenyewe hapa hapa, kabla ya ile inayopelekwa mlimani. Najua kazi hiyo itakwenda polepole, na wafadhili hupenda hesabu ya majina. Haidhuru.

Hata lugha yetu ina deni katika jambo hili. Tukiteremka tuna maneno tele: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, na wengine huongeza kilembwekeza. Tukipanda, tunafika kwa babu na kuanza kukokota: babu wa baba, baba wa babu wa baba. Wenzetu Wadinka hupanda kwa kutaja majina tu, moja baada ya jingine bila kusita, na mtoto wa miaka minane aweza kukupita. Nimeliacha lile zoezi la aya tatu. Siku hizi wanafunzi husimama na kuutaja ukoo kwa mdomo kwanza, kila mtu kwa kadiri apendavyo, na anayetaka kunyamaza hunyamaza.

Kijana yule alikwenda kuomba cheti chake akifuatana na baba mdogo. Aliandika jina la marehemu. Karani aliona kwamba kadi ya kambini ina jina jingine, akauliza, na baba mdogo ndiye aliyejibu. Alisimama mbele ya meza, akashuhudia kwamba huyu ni mwana wa kaka yake, kisha akamtaja kaka yake, na baba yao, na babu yao, mpaka karani akaweka kalamu chini na kusikiliza. Kijana aliponisimulia nilimwomba niinakili insha yake ya kwanza, ile yenye wino mwekundu, niitumie kufundishia. Alisema insha ni yake lakini habari si zake peke yake, na kwamba atamuuliza baba mdogo. Bado hajaniletea jibu.